Joka Ndilo Linalochagua

Cawderby, 2 Machi

Mwanangu Hilary,

Salamu nyingi. Natumai u mzima huko Newcastle na wagonjwa wako hawajakumaliza. Mimi sijambo. Goti ni lile lile, masikio ni yale yale, na simu naisikia kama nyuki ndani ya chupa, ndiyo maana naandika. Paka amenenepa kuliko kasisi.

Sasa habari. Cliff Tranter, George wetu wa miaka yote, tulimzika Januari, na tangu hapo kijiji kizima kinaulizana nani atakuwa Mtakatifu George muua joka kwenye mchezo wetu wa tarehe ishirini na tatu Aprili. Wewe umezaliwa hapa, desturi unaijua. Kamati haichagui, kasisi hachagui. Joka ndilo linalochagua, kwa sababu joka ndilo linalopigwa. Na joka, ndani ya turubai na kichwa kile cha mbao, ni mimi, tangu kabla mama yako hajakubali posa yangu.

Basi Jumapili baada ya ibada nikasimama, nikamchagua Kuldip Rehal, mwenye duka la mikate.

Dean Pargeter, mwenye baa, akanyanyuka. "Mzee Wilf, umelewa?"

"Bado. Baa yako haijafunguliwa."

"George ni Mwingereza."

"Kuldip kazaliwa wodi ileile uliyozaliwa wewe, ila yeye alilia kidogo. Na huyo George mwenyewe hakuwahi kuiona Uingereza hata kwenye kadi ya posta."

Wengine wakacheka. Dean hakucheka. "Sawa. Sisi tutakuja na George wetu, na tutawangoja darajani."

Kwa hiyo mwaka huu tuna joka moja na George wawili. Muda mrefu sijafurahi hivi.

Baba yako,
Wilf


Newcastle, 9 Machi

Kwako baba,

Mimi ni mzima, kazi nyingi. Umenieleza goti, masikio na paka. Moyo hukuutaja.

Daktari alikuambia mbele yangu: usibebe mzigo, usikimbie, usijitie kwenye ugomvi. Joka lile lina uzito wa ndama, unapanda nalo Mtaa wa Kanisa mbio, na sasa umemchokoza Dean. Kuldip nilisoma naye darasa moja, ni mtu wa maana, umechagua vizuri. Lakini joka lenyewe mpe mtu mwingine.

Ninachokiogopa unakijua. Joka likishauawa linalala pale barabarani, watu wanacheka, mpaka Daktari wa mchezo aje na kofia yake ndefu na chupa yake ya chai baridi alifufue. Ukianguka kweli, nani atajua? Watakupigia makofi, baba. Watakupigia makofi mpaka uishe.

Nijibu bila mzaha.

Mwanao,
Hilary


Cawderby, 20 Machi

Mwanangu Hilary,

Nimepata barua yako, nimeisoma nimekaa chini kama mgonjwa mwema. Vidonge nameza. Najibu bila mzaha, japo naumia.

Nimpe nani? Nikitoka ndani ya joka, joka jipya linachagua upya. Aliyejitolea mpaka sasa ni mmoja tu, Craig, binamu yake Dean, mwenye mabega kama mlango wa zizi. Craig atamchagua nani, unadhani? Nikivua kichwa kile, Kuldip hana upanga. Hesabu yake ni hiyo tu.

Na mambo yamechacha. Bendera za msalaba mwekundu wa George zimetundikwa kila nguzo. Mimi sina neno na bendera, ninayo yangu, bibi yako aliishona msalaba wake kwa koti jekundu la posta. Lakini mbele ya duka la Kuldip zimepangwa kama uzio. Jumanne asubuhi dirisha limekutwa limevunjwa, tofali limekaa katikati ya ile mikate midogo ya Pasaka yenye msalaba juu. Waliokuja kuutetea msalaba wameuponda.

Polisi alikuja, akatazama, akanunua pai, akaondoka.

Mtaani watu hawasalimiani kama zamani. Wanaangalia kwanza umevaa waridi, ua la Uingereza, upande gani wa koti, eti siku hizi nalo lina maana.

Baba yako,
Wilf


Newcastle, 4 Aprili

Kwako baba,

Natumai hujambo. Mara mbili nimepiga simu, mara mbili umesema "nyuki" ukakata.

Kuldip amenipigia. Anataka kujitoa ila anaona aibu kukuambia. Manjit, mkewe, halali vizuri, kila gari likipunguza mwendo anashtuka. Baba, mwache. Wewe unaona mchezo kwa sababu hakuna mtu atakayevunja dirisha la mzee Wilf. Umemsimamisha mwenzio mbele ya matofali, kisha ukajifunika turubai.

Najua nimesema vikali. Yasome mara ya pili, bado yatakuwa kweli.

Mwanao,
Hilary


Cawderby, 11 Aprili

Mwanangu Hilary,

Niliyasoma mara ya pili. Bado yalikuwa kweli. Nikavaa kofia nikaenda dukani.

Kuldip alikuwa anakanda unga. Nikamwambia, "Nimekuja kukufungua. Hilary anasema nimekuweka mbele ya matofali, na hajakosea."

Hakuacha kukanda. "Nikijitoa watasema nini?"

"Watasema walijua."

"Na nisipojitoa?"

"Watasema hivyohivyo, ila utakuwa na upanga."

Akacheka puani, unga ukaruka. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. "Mzee Wilf, nilipokuwa mdogo nilikuwa nasimama pale darajani na bendera yangu ya karatasi, nakutazama ukifa. Cliff alikuwa anakupiga vibaya yule. Nikirudi nyumbani nasema, siku nikiwa George mimi nitampiga taratibu."

Nikavua kofia, nikaikung'uta unga.

Manjit akatokea nyuma na trei. "Kama ni kuogopa, nimeshaogopa. Nataka huo woga uwe na faida. Atakuwa George." Halafu akanigeukia mimi, jicho kali. "Na wewe mzee, kidonge chako cha chini ya ulimi unakiweka wapi?"

"Mfukoni."

"Mfuko upi?"

Mwanangu, wewe na Manjit mmekula njama.

Njoo siku hiyo. Miaka mingapi hujaja mchezoni? Nitakutafuta nikipita, japo mle ndani sioni ila viatu.

Baba yako,
Wilf


Newcastle, 17 Aprili

Kwako baba,

Mimi ni mzima. Sitakuja, nimepangwa kazini. Na hata nisingepangwa, siwezi kusimama kando ya barabara nikikutazama umelala nisijue ni mchezo au si mchezo.

Kidonge kiweke mfuko wa shati, si wa suruali. Ndani ya turubai mkono haufiki kwenye suruali.

Mwanao,
Hilary


Wodini, 27 Aprili

Mwanangu Hilary,

Sijambo, nasema kweli. Nimefungwa nyaya kama redio ya zamani, na chai yao ni maji yaliyosikia habari za majani ya chai. Uliondoka mbio kurudi kazini kabla hatujazungumza. Ya nje uliyaona wewe. Acha nikupe ya ndani.

Kupitia kinywa cha joka nilikuwa naona viatu tu. Tulipofika darajani bendi ikanyamaza, nikaona mstari wa buti nyeusi, kutoka ukingo mpaka ukingo. Mbele yake buti za Dean, George wao mwenyewe, nazijua, kisigino kimelika upande.

"Joka, kufa," akasema. Akanipiga bapa la upanga wa mbao kichwani.

Nikasimama.

Akapiga tena, kwa hasira safari hii, meno mawili ya mbele ya joka yakang'oka. Nikasimama. Watoto wakaanza, "Halijafa, halijafa."

"Kufa, mzee," akaninong'oneza, "usinitie aibu mbele za watu."

"Sikukuchagua, Dean. Mimi nafa kwa niliyemchagua."

Unakumbuka George wa uwongo anafanywa nini. Nikampanulia kinywa cha joka, nikammeza mpaka mabegani. Akawa anapiga kelele humo usoni kwangu, pumzi yake yote vitunguu. Nje kicheko kikapasuka, na nikaona buti, jozi moja ikatikisika kwa kicheko, ikasogea kando. Kisha nyingine. Si zote. Lakini nafasi ya mtu mmoja kupita ilipatikana.

Vikaja viatu vya unga. Kuldip akanigusa shingoni kama mtu anayepima mkate kama umeiva. Nikaanguka.

Kuanguka kulikuwa kwangu, mwanangu. Kubaki chini hakukuwa kwangu. Kifua kilikaza kama mlango unaofungwa na mtu mwenye nguvu kuliko mimi. Mfuko wa shati ulikuwa pale, mkono ukakataa. Na nje nikayasikia makofi yako. Yale uliyoniandikia. Walikuwa wanapiga, wanapiga, na mtu akasema, "Wilf leo anakufa vizuri kuliko miaka yote."

Nikawaza, Hilary alisema. Na Hilary yuko Newcastle.

Halafu Daktari wa mchezo akaja. Perce Hadley ndiye Daktari siku zote, na Perce huvaa viatu vya kahawia. Hivi vilikuwa vyeupe, vya mpira, vya nesi. Mtu akatambaa chini ya turubai na kofia ndefu ikamdondoka, akaniwekea vidole shingoni, akasema, "Fungua mdomo, baba, na ukinitania nakung'ata."

Umeniandikia uwongo kwa mkono wako mwenyewe. Sijawahi kujivuna hivi.

Sasa sikiliza. Bendera bado zipo. Dean hajaja kunitazama, wala simngoji. Dirisha la Kuldip ni jipya, na Manjit kaniletea pai, nesi kaila. Daktari wa hapa, asiye na kofia, amesema joka kwangu basi. Lakini desturi unaijua mpaka mwisho wake: anayeingia chini ya turubai joka likiwa limelala, joka ni lake. Perce humwaga chupa akiwa amesimama nje. Wewe uliingia.

Kwa hiyo unalichukua, au hulichukui? Usipolichukua, Craig amekwisha kukijaribu kichwa.

Baba yako,
Wilf


Newcastle, 3 Mei

Kwako baba,

Natumai moyo umetulia na unameza kila unachopewa. Mimi ni mzima.

Kichwa nilikijaribu kabla ya Craig, asubuhi niliyoondoka, mlango wa ghala nikiwa nimeufunga. Kinanuka tumbaku yako uliyodai umeiacha. Meno mawili nimeyaokota darajani, ninayo.

Mwambie Kuldip mwakani asinipige taratibu hivyo. Mimi moyo wangu mzima.

Mwanao,
Hilary