Sinia Lililoinama na Boma la Okoth

Mama mpendwa,

Natumaini mguu umeacha kukusumbua na mvua imefika Kombewa. Mimi huku Uarabuni ni mzima wa mwili, ila moyo ndio unachemka.

Hapa kiwandani tulisimamisha mtambo wa kusafisha dizeli. Ndani ya mtungi wake mrefu wa chuma kuna punje zinazosaidia kuondoa salfa, na juu ya punje kuna sinia pana lenye matundu, kazi yake kugawa mafuta sawasawa. Sinia lilikuwa limeinama kidogo tu, unene wa kidole. Basi upande mmoja ulifurika, mwingine ukakauka, ukapata joto kali mpaka punje zikagandamana, na dizeli ikatoka chafu. Tuliingia tukalinyoosha, kisha tukamwaga maji juu yake tuone kama kila tundu linadondosha sawa na mwenzake. Niliposhika zile punje za upande mkavu nilikasirika kana kwamba ni mimi niliyenyimwa.

Maana Okoth alikuwa amenipigia simu. "Bro, mimi nimechoka kukaa kwa simba, hii nyumba ya ujana, na watoto watatu. Wewe unakuja lini ujenge, ama niendelee tu?"

Aendelee! Mdogo wangu atoke kwa Baba na jogoo na shoka, kama desturi yetu, akaanzishe boma lake, na mimi kaka yake simba yangu bado iko pale pale kwa Baba? Tangu lini mdogo akamruka mkubwa? Na mke wangu Akinyi akipiga simu ni sifa tupu: shemeji ameziba paa, shemeji ameleta samaki, mbuta mzima. Kwani mimi sijui mbuta?

Mama, sitakuficha, nina wivu. Namwonea wivu hata matope ya viatu vyake. Na najua hana kosa, amenisubiri miaka na watoto wanakua. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Mwambie Okoth avumilie kidogo. Nisalimie Baba, shangazi wa Pap Onditi, na mama mkwe wangu kule Mamboleo. Akinyi nitamwandikia mwenyewe.

Leo asubuhi msimamizi aliniletea mkataba mpya. Nikamrudishia bila kutia sahihi, nikamwambia narudi nyumbani kujenga. Akauliza kama nimepata kazi nzuri zaidi huko. Nikamwambia hapana bwana, ni wivu tu.

Mwanao wa kwanza,
Odhiambo