Kiota Mbele ya Visiki

Lupepo, 3 Machi 2025

Dada Tumpe,

Shikamoo. Mwambie mhariri wenu huko Dar kwamba Rungwe nzima hakuna mpiga picha wa kunigusa. Hata mlima ukijifunika ukungu, ujue unanionea aibu. La saba nilifeli, sawa, ila kamera uliyonipa haikuniuliza cheti. Mama mzima, ng'ombe wako kazaa.

Mliomba picha ya watu wanavyoumaliza msitu. Natuma moja, inatosha: mbele kiota, vifaranga wawili midomo wazi, nyuma visiki, pale mzee Ambilikile alipofyeka apande viazi. Ukilia usinilaumu.

Mdogo wako,
Gwakisa

Dar es Salaam, 9 Machi

Gwakisa wa mama,

Marahaba, bwana majigambo. Sisi wazima, joto tu. Mhariri kaitazama picha yako mpaka chai ikapoa. Inakwenda kwenye jalada! Nimetamba ofisini utadhani nimeipiga mimi. Ila anauliza: ndege yule huficha kiota katikati ya majani. Visiki vimeonekanaje? Jibu upesi, jarida linachapwa tarehe ishirini. Na uoge.

Dada yako,
Tumpe

Lupepo, 12 Machi

Dada,

Shikamoo. Tumeamka salama, mvua ndiyo haikatiki. Mwambie ni kipaji! Sikia hii: nilimwonyesha mzee Ambilikile picha. Akaniita mshenzi, kisha akasema miti iliyobaki haigusi. Mzee yule yule anayemkimbia bwana misitu! Sasa ananiganda nimpeleke akawaone vifaranga.

Mdogo wako,
Gwakisa

Dar es Salaam, 15 Machi

Gwakisa,

Hujambo? Kipaji hakitoboi majani. Nijibu hilo tu.

Dada yako

Lupepo, 18 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu, ndama anarukaruka. Mzee alichoka kunisubiri, jana akanishika mkono tukaenda. Akatazama, akaniuliza, "Tawi hili kakata nani? Mimi huku sijafika." Nikainamia kamera, mimi huyu!

Hakunipiga. Leo asubuhi kanigongea mlango na miche, tumeipanda kati ya visiki mpaka mgongo umeniuma, yeye ananicheka. Nimempiga picha ana tope hadi masikioni. Wekeni hiyo kwenye jalada, ile itoeni, tafadhali.

Majani yaliziba visiki, dada. Niliyakata kwa panga nipate picha. Usiku ule ule mvua ikashuka, na kulipokucha vifaranga wote wawili walikuwa wamelowa, wamekufa.

Mdogo wako,
Gwakisa