Kidole Tumbo Changu

Jumatatu, 6 Machi
Mgao wa umeme tena, mpaka saa nane. Hapa maabara nimekata vipande vya nyama za wagonjwa wanne, vya kutazama kwa darubini. Mmoja Mzee Salum, muuza kanga wa Kariakoo, uvimbe wa pafu. Kwa darubini tu, Daktari Mehta hatambui ni saratani ya aina gani. Ikiwa ya chembe ndogo, hapasuliwi, anatundikiwa dripu za dawa. Ikiwa siyo, Ijumaa anapasuliwa. Kesho tunatafuta protini ya chembe ndogo. Ikiwepo, dawa ya kupimia inaacha rangi ya kahawia.

Jumanne, 7 Machi
Buluu tupu. Hakuna kahawia. Daktari kafurahi: “Basi apasuliwe.” Mimi sina raha.

Jumatano, 8 Machi
Hatukuweka nyama ya kulinganishia, ile inayojulikana ina protini hiyo. Iliisha zamani, tumezoea uvivu. Kidole tumbo cha mtu yeyote kina protini ileile, na changu kipo kabatini, nilikatwa mwaka juzi. Kwenye nta, na jina langu juu. Nikakikata, nikakitia dawa.
Buluu tupu.
Yarabi! Dawa imekufa, na niliyeiua ni mimi. Juzijuzi mgao ulipozidi niliipeleka kwenye friza ya muuza aiskrimu jirani, ana jenereta. Nikaona baridi ni baridi. Ikaganda jiwe, na dawa hii hairuhusiwi kuganda. Nikaiyeyusha, nikafunga mdomo.

Jumatano, jioni
Nimemwambia Daktari. Kapiga meza. “Zuhura! Chupa imetoka Uingereza ile!” Nimelia chooni. Niliporudi alikuwa kwenye simu, anaomba upasuaji usubiri.

Jumanne, 14 Machi
Shemeji yake Daktari kaleta chupa mpya kutoka Nairobi, ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Sikuigusa mpaka niliponawa mara mbili.
Kidole tumbo changu: vidoa vya kahawia. Nimepiga kigelegele peke yangu maabara.
Pafu la Mzee Salum: kahawia tele. Chembe ndogo. Furaha ikaniisha palepale.

Alhamisi, 16 Machi
Mzee kapita dirishani kwangu akitoka kwa Daktari. Shikamoo. Marahaba. Anacheka, anakohoa. “Alhamdulillahi, mwanangu, kisu kimenipita!” Kanipa kanga, doti nzima. Nimeipokea kwa mikono miwili.
Aina hii ndiyo mbaya zaidi. Daktari anasema kamweleza yote, taratibu, mara mbili.
Slaidi nimezipanga kabatini, yake kando ya yangu. Kanga sijaifungua.