Roshani Isiyo na Mlango

Jumatano, Bawshar, hapa Maskati. Joto limekaa juu ya nyumba tangu asubuhi na halina nia ya kuondoka. Nimechoka, na leo sitaki kujifanya sijachoka.

Nimezitazama tena picha alizopiga kaka yangu Seif za lile jumba la kale la Kigothi huko Venisi, Italia. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, kwa hiyo kila nikizitazama naona jipya. Roshani zake! Matao yaliyochongoka juu, matundu ya ua la petali nne yaliyotobolewa kwenye jiwe, simba wadogo waliobeba sakafu kwa migongo yao. Na vile vinguzo vyembamba vya ukingo, vimeachana kiasi cha mtu aliyekaa kuuona mtaa mzima. Mwashi aliyezijenga alimfikiria mtu wa kukaa pale.

Seif alizipenda roshani hizo, akabandika mfano wa moja mbele ya nyumba yetu. Nasema akabandika kwa sababu ndivyo ilivyo: ni ganda la saruji juu ya povu gumu la plastiki, halina mlango, halibebi hata paka. Nafasi kati ya vinguzo zimezibwa. Watu husimamisha magari wakapiga picha.

Nyuma yake ni chumba cha mama.

Tangu apate kiharusi mama hatembei. Anakaa dirishani kwenye kiti cha magurudumu, na anachokiona ni mgongo wa ile roshani, saruji isiyopakwa rangi na waya uliochomoza. Uzuri wote umewaelekea wapita njia. Tulimwambia ahamie chini, akasema huko ataona ukuta wa ua. Sasa hata kula hataki. Neno lake ni moja tu: "Nnataka kukaa roshani, nione watu."

Anaikumbuka ya Unguja alikokulia. Wanawake waliteremsha kikapu kwa kamba, muuzaji akatia mkate, kikapu kikapanda, na mwenyewe hakuonekana hata kidole.

Leo baada ya alasiri aliniomba kikapu na kamba. Nikampa, nikamfungulia dirisha. "Haya, mwite mtu wa mkate," akaniambia.

Mtu wa mkate, Bawshar! Hapa mkate unafuatwa kwa gari. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nikachukua mkate jikoni, nikashuka, nikasimama juani chini ya wale simba wa bandia, nikanadi kwa sauti: "Mkate! Mkate wa moto!"

Nikamsikia anacheka. Nilikuwa nimeshakisahau kicheko cha mama.

Kisha nikasikia kikapu kinakwaruza. Kilikuwa kimetumbukia katika uwazi kati ya dirisha na lile ganda, na mkono wake mmoja ulio mzima haukuwa na nguvu ya kukirusha kupita ukingo. Nikangoja na mkate wangu. Jirani akapunguza mwendo wa gari, akanitazama.

Kikapu hakikufika.

Nilipopanda, alikuwa ameiachia kamba. "Keshakwenda zake," alisema, akageuza uso.

Nilimpigia Seif kazini huku nalia. Nikamwambia ganda livunjwe. "Zuwena, wallahi utaiharibu sura ya nyumba," akasema. "Watu watasemaje? Khalas, basi, tutazungumza Ijumaa."

Ijumaa! Anadhani mama anaweza kungoja mpaka yeye Seif apate nafasi. Nimemtazama mama alivyokonda, na acha niliandike kama lilivyo: naogopa mama yangu atakufa akiitazama saruji.

Nyundo nimeitoa stoo, iko miguuni pangu. Sijui kama mikono hii iliyozoea penseli itaiweza. Ugomvi na Seif nao najua utakuwa mkubwa.

Kesho akishatoka kwenda kazini nitaanza na ukingo. Mama akiniuliza ni kelele gani hizo, nitamwambia ni mtu wa mkate, anarudi.