Nywele Ulizozinyamazia

Mama yangu,

Leo nimesomewa habari zako. Mjukuu wangu anayefanya kazi Lusaka, kwenye jumba linalotunza karatasi za zamani za serikali, amekuta kesi yako ya uchawi na kuipiga picha kwa simu. Amekuja nayo hapa Nchelenge, mtoto wake mchanga mgongoni. Nilikuwa nachambua chisense uani, dagaa wale wale uliokuwa ukiwaanika mchangani. Aliposoma "mshtakiwa, mwanamke wa Pweto, muuza samaki," mikono yangu ilisimama.

Hawakuandika jinsi ulivyokuwa ukiuza. Unamkumbuka yule mnunuzi wa ng'ambo ya ziwa mwenye kofia ya majani? Kila akija alilalamika: "Mama, hii samaki yako iko na bei ya ng'ombe." Nawe bila kuinua macho, "Basi, enda kula ng'ombe." Ufuo mzima ulicheka, na bado alinunua. Nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya kikapu chako, nikijiona mtoto wa malkia.

Kisha mdogo wake baba akazama karibu na kisiwa cha Chisenga. Ziwa lilikuwa limechafuka na mtumbwi wake ulikuwa mbovu, kila mtu alijua. Lakini mlikuwa mmegombana naye kuhusu nyavu, na wewe ulikuwa mtu wa kuja, uliyeolewa kutoka upande wa Kongo. Shemeji zako wakamleta mganga, akazunguka kijiji, akasimama mlangoni petu. Habari ikafika boma la serikali. Kwa maandishi ya kesi, makapaso, wale askari wa serikali, walipopekua nyumba walichomoa kwenye nyasi za paa kitambaa cha bluu kilichofungwa kwa uzi wa nyavu. Ndani mlikuwa na nywele na kitovu kilichokauka.

Nilikitambua kitambaa kile aliposoma. Ulishanionyesha, tukiwa sisi wawili tu. Kabla yangu ulikuwa umezika watoto, na mimi niliponyolewa nywele za kwanza ulizifunga pamoja na kitovu changu, kama mama yako alivyokufundisha kule Pweto, ili mimi nikae, nisife kama wao. Uliniambia, "Hii njo weye. Mutu asitaje jina yako hapa juu. Akitaja, anakufungula, unaenda kama benzako."

Sasa sikia karatasi inavyosema. Hakimu mzungu alikuuliza nywele zile ni za nani. Mshtakiwa alinyamaza. Akauliza tena. Mshtakiwa alinyamaza. Ndipo akaandika kwamba, kwa kuwa hukutoa maelezo, lazima ziwe za marehemu. Aliongeza kwamba ungemweleza vingine, angekuwa tayari kukusikiliza. Ukurasa huo huo unasema serikali haiamini kwamba uchawi upo. Wakakufunga kwa uchawi usiokuwepo, na kitambaa wakaamuru kichomwe moto.

Mjukuu wangu aliinua kichwa, akaniita bibi kama alivyozoea. "Nkambo, juu ya nini hakusemaka tu?"

Nilimpokea mtoto mgongoni mwake, nikampakata.

Siku za upekuzi na kesi mimi nilikuwa Mununga kwa shangazi, na hakuna aliyenieleza chochote. Uliporudi kutoka jela ulikuwa umekonda, na hukukaa tena ufuoni. Ulibaki nyuma ya nyumba ukikausha samaki, nami nikawapeleka sokoni. Yule wa kofia aliponitajia bei ya ng'ombe, sikuwa na jibu lako. Nilimpunguzia tu. Naye aliangalia chini, kama mtu aliyetania mahali penye msiba.

Halafu nikazaa. Mwanangu wa kwanza aliponyolewa nilizishika nywele zake kiganjani, nikakuomba kitambaa. Ulizichukua zote ukaenda nazo majini, ukazimwaga. Nilikufuata nikilia, nikakuuliza kama hutaki mtoto wangu akae. Ulinawa mikono kwanza. "Banafunga mutu juu ya nywele," ukasema, ukapanda kurudi nyumbani. Hilo ndilo neno pekee nililowahi kulisikia kutoka kwako kuhusu jela, na sikulielewa hadi leo.

Inaniuma, mama. Neno moja lingetosha kukurudisha nyumbani siku ile ile, na neno lenyewe ni jina langu. Ulikuwa na ulimi mkali kuliko wanawake wote wa ufuo huu, ukaufunga mbele ya watu waliokuita mchawi. Nimekuwa mzee kuliko ulivyowahi kuwa. Kila mwaka wa uzee huu nauona sasa kama kitu ulichonilipia, na sina mahali pa kukupa asante isipokuwa hapa.

Kesho tunamnyoa mtoto wa mjukuu wangu. Nimeshatafuta kitambaa cha bluu, na uzi wa nyavu nimeomba kwa wavuvi. Nywele zake nitazifunga mwenyewe, mchana, mlango wazi, na anayetaka kutazama atazame.

Na swali la hakimu limebaki bila jibu tangu nikiwa mtoto. Mimi nimekwisha kaa, mama, nimekaa hadi nimechoka. Hakuna wa kunifungua tena. Kwa hiyo naomba waandike, chini ya pale walipoandika kwamba ulinyamaza: nywele zile ni zangu.

Pumzika sasa, mama.

Ni mimi binti yako, niliyekaa.