Kopo la Mende na Soya ya Mwaka Mzima

Jumanne, 5 Desemba

Sejeong, mke wa mjukuu wangu, kapiga simu. Jumapili ya tarehe kumi na saba wanakuja na Iro, kitukuu changu! Miezi kumi sasa na sijambeba hata mara moja — namwona kwenye simu tu, kichwa kikubwa kama cha marehemu babu yake.

Lakini ana masharti. Eti Bibi, mtoto anatambaa, kila anachookota kinaingia mdomoni. Akiona mende ataokota mende. Na nikinusa dawa, tunageuzia mlangoni. Mende hataki, dawa hataki! Nikamuuliza, basi niwaombe wahame kwa hiari? Kacheka. Hakulegeza.

Jioni wametoka wawili chini ya kabati. Nimewapulizia. Mkono umeshazoea.

Alhamisi, 7 Desemba

Darasa la kusoma na kuandika, ukumbini. Mwalimu Bang alisema tulete chochote cha nyumbani chenye maandishi. Wenzangu maboksi ya tambi. Mimi kopo la dawa ya mende.

Nimelisoma mwenyewe, kidole chini ya neno. Usipulize karibu na chakula. Usipulize wanapocheza watoto. Miaka arobaini nanunua kopo hili kwa picha ya mende aliyelala chali!

Na chumba ninachopuliza ndicho chenye soya. Matofali kumi na mawili ya soya iliyopondwa, yananing'inia kwa kamba za majani ya mpunga tangu mwezi jana. Yakichacha ndiyo sosi ya mwaka mzima ya wanangu wote.

Okbun, jirani yangu, kaninong'oneza: Dada, sosi yako tumekula miaka yote, tumekufa? Nikamjibu, wewe hata kufa utasahau. Lakini moyo haujatulia.

Ijumaa, 8 Desemba

Nimeyateremsha yote kumi na mawili. Nimeyafukia nyuma ya shamba la kabeji. Nimelia kidogo. Basi.

Jumanne, 12 Desemba

Mgongo! Mwalimu Bang kasema mende anafuata maji, makombo na nyufa — mnyime vyote vitatu. Nimetupa maboksi niliyoyatunza tangu sijui lini. Kumbe nilikuwa nawajengea ghorofa. Sakafu nimeipangusa kwa sabuni mara tatu, dawa ya zamani itoke. Sinki nalikausha kabla ya kulala.

Okbun kaja na silikoni ya mwanawe, tumeziba nyufa zote. Ukutani pamekuwa kama keki iliyomwagika. Karatasi za gundi nimezisukuma chini kabisa ya friji, mkono wa mtoto usifike. Nikalala kifudifudi nijaribu kama unafika. Kuinuka nikashindwa! Okbun alicheka mpaka naye akakaa chini. Mshenzi yule. Halafu kaacha gunia la soya zake jikoni, eti, chemsha Dada, baridi bado ipo, matofali mapya yatawahi kukauka. Hakungoja hata nimshukuru.

Jumamosi, 16 Desemba

Karatasi za gundi: Jumatano sita, jana wawili, leo hakuna. Hakuna!

Kopo nimelifunga kwa waya, nikaliweka stoo, rafu ya juu. Mchana niliona kitu cheusi, nikakimbilia stoo. Nilishafungua nusu ya waya. Ilikuwa kokwa ya tende ya Okbun. Nimeufunga tena, mizunguko mitano.

Jumapili, 17 Desemba

Supu ya mwani iko tayari. Soya mpya zinaning'inia, bado laini. Nyumba inanuka soya na sabuni tu. Nimeinusa kila kona kama mbwa.

Honi! Wamewahi saa nzima. Namsikia Sejeong nje, anamwambia Iro tumefika kwa Bibi mkuu, tumefika.

Na huyo hapo. Mkubwa, babu wa mende wote, katoka chini ya kabati, anavuka sakafu taratibu kama mwenye nyumba. Stoo ni hatua nne. Sejeong anavua viatu — anauliza, Bibi, tuingie?

Ngojeni kwanza, nimemwambia. Kandambili yangu iko mkononi.