Mawakili Watatu, Kesi Moja, na Hakuna Aliyesimama

Ijumaa, Julai. Machakos.

Baridi ya leo haina adabu. Ukungu umeng'ang'ania milima ya Iveti tangu asubuhi, na mimi niko ofisini nimevaa koti juu ya sweta, siwezi kuketi. Nikiketi nainuka. Nikiinuka naenda dirishani kuangalia sijui nini. Chai aliyoniwekea Ndunge, sekretari wangu, imeshafanya utando juu.

Ngoja niandike, pengine miguu itatulia.

Leo ilikuwa siku ya kwanza ya semina ya uendeshaji wa kesi za madai. Wakili wa nchi hii, hata akiota mvi na kitambi kama changu, sharti arudi darasani kila mwaka akusanye alama, la sivyo cheti cha kufanyia kazi kinakuwa shida. Kwa kawaida tunazifuata Nairobi. Safari hii tumeletewa hapa hapa mjini, kwenye hoteli iliyo juu kidogo ya korti, na makarani na masekretari wetu nao wamealikwa, ukumbi wa pili. Yaani karibu watu wote wa sheria wa Machakos walikuwa ndani ya hoteli moja, wanakunywa chai ya bure.

Ungedhani mtu mmoja kati yetu angejiuliza kortini kumebaki nani.

Sisi mawakili tuna desturi yetu. Ukiwa na kesi na huna nafasi, unamwomba mwenzako akushikie: anasimama mbele ya hakimu kwa niaba yako, anasema yale mawili matatu, anaketi. Kesho naye atakuomba. Ni kama majirani wanaoazimana chumvi. Hakuna anayeandika, hakuna anayeuliza sana. Nimeishi kwa chumvi ya watu miaka mingi na sijaona ubaya wake.

Leo nilikuwa na kesi moja tu, ya Mama Syombua wa Katangi. Ni mjane. Shamba lake limepakana na mto wa msimu, na kuna tajiri mmoja wa malori anayechimba mchanga pale. Malori yamepita juu ya matuta yake mpaka yamelala. Lakini kinachomuuma zaidi ni kisima. Kule maji yako chini ya mchanga. Ukiumaliza mchanga, maji nayo yamekwenda, na yeye na majirani zake watabaki kukodolea mwamba macho. Nilimpatia amri ya korti ya kuzuia malori kwa muda, mpaka kesi isikizwe. Amri yenyewe ilikuwa inaisha leo. Kazi ya leo ilikuwa kusimama na kusema, "Mheshimiwa, tunaomba amri iongezwe." Basi. Hata chiriku angeweza.

Nikamwambia Mama Syombua asijisumbue kuja. "Ni kitu kidogo, mwaitu," nikamwambia, yaani mama, kwa Kikamba chetu. "Hiyo niachie mimi."

Nikamwomba wakili Kioko anishikie.

Asubuhi mwalimu wetu, mama mmoja mkali kutoka Nairobi, alitufundisha vizuri kweli. Niliandika mpaka kalamu ikachoka. Tukatoka kwa chai, nikasimama na Kioko na wakili Mwende karibu na sahani ya samosa, mahali ninapopenda kusimama. Ndunge akaja mbio kutoka ukumbi wao, macho yanang'aa. Wao walikuwa wamefundishwa kufuatilia kesi za siku, wakapewa zoezi: nenda umuulize mkubwa wako kesi zake za leo zimefika wapi.

"Wakili, ile ya Mama Syombua, nani amesimama?"

"Kioko," nikasema, na raha zangu.

Kioko alikuwa na samosa mdomoni. Akaacha kutafuna. "Lakini mimi niko hapa."

"Naona uko hapa. Sasa kesi?"

"Nilimpatia Mwende. Nilijua nitakuja semina."

Tukamgeukia Mwende. Mwende akanigeukia mimi, tena kwa upole, vile mtu humwangalia mgonjwa. "Wakili, si nilikupigia jana jioni? Nikakuambia niko na kesi moja ya kushikia Kioko, ya kuongeza amri, na mimi pia naenda semina. Ukasema hamna neno, niachie."

Ni kweli. Alinipigia. Nilikuwa nakula. Sikuuliza ni kesi gani wala ya nani. Nikasema hamna neno, halafu nikamtumia Kioko ujumbe: kuna nyingine ndogo ya Mwende, ongeza kwa ile yangu.

"Nilifikiri ni mbili," Kioko akasema. "Yako nilikuwa nimeshampatia Mwende, na hii ya pili nikamrudishia mwenyewe."

Kwa hiyo niliombwa kushika kesi yangu mwenyewe, nikakubali, nikaigawa tena.

Tuliteremka mpaka kortini sisi watatu na Ndunge, nusu tunatembea nusu tunakimbia, na ile baridi ikageuka jasho. Korti ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Karani wa korti, mzee wa utani ambaye amewaona mawakili wa kila aina, alitungoja na tabasamu.

"Imeitwa," akasema. "Askari ameita jina mpaka nje kwa korido, mara mbili. Hakuna sauti. Wakili wa yule mtu wa malori alikuwa hapa. Akamwambia hakimu amri imeisha na hakuna mtu wa kuiomba tena. Hakimu akaandika imeisha."

"Na hakimu?"

"Ameenda. Yule mwingine wa zamu amekataa kugusa faili ambayo si yake. Mlete ombi, litasikizwa Jumatatu asubuhi." Akatuangalia mmoja mmoja. "Na nyinyi wasomi, leo mlikuwa mnafundishwa nini huko juu?"

"Kufika kortini," Mwende akajibu.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, halafu nikakumbuka ni siku gani. Leo ni Ijumaa. Kuanzia sasa mpaka Jumatatu hakuna karatasi duniani inayozuia lile lori kuingia mtoni.

Mchana huo sikurudi semina. Nilikaa na Ndunge tukaandika ombi la dharura, pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kwa nini hakuna aliyefika. Kioko, ambaye moyo wake ni mzuri kuliko ushauri wake, alisimama mlangoni akasema, "Andika gari liliharibika njiani. Kila mtu huandika hivyo."

"Gari la nani? Si tulikuja na miguu."

"Basi andika uliugua."

"Nilikuwa nakula samosa mbele ya watu wote wa sheria wa mji huu."

"Lakini ukiandika ukweli watakucheka mpaka Kitui."

Nimeandika ukweli. Ndunge alikuwa anachapa, mabega yakitetemeka kwa kicheko alichokizuia, mpaka alipofika mahali panaposema kisima ndicho tegemeo la maji la mteja. Hapo mabega yakatulia. Yeye ni mtu wa Yatta, kule kukavu, anajua umbali wa maji.

Ombi limepokelewa, limepigwa muhuri. Ningeweza kusema nimefanya yangu. Lakini tangu hapo nimekuwa nikizunguka hii meza kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Kesho ni siku ya pili ya semina, na asiyekuwapo siku zote mbili hapewi alama hata moja. Mwalimu alitangaza mada ya kesho kwa sauti: wakili na mteja wake. Nimejiambia nihudhurie, Jumatatu si mbali. Nimejiambia pia kwamba tajiri wa malori huenda hana habari bado. Sijajiamini hata kidogo. Wakili wake alikuwa na simu mkononi kabla hajatoka mlangoni, karani ameniambia.

Kwa hiyo nikapiga simu duka la Katangi, lile ambalo Mama Syombua hupokelea simu. Mwenye duka akatuma mtu amwite. Nilingoja nikisikia mbuzi, redio, na mtu akibishana juu ya bei ya sukari. Halafu sauti yake.

Nikamweleza yote. Sikupunguza.

"Sasa wakili, kwani mlikuwa wapi nyote?"

"Masomoni, mwaitu."

"Masomo? Aiya! Mimi nilifikiri ulimaliza."

"Bado, mwaitu. Naona bado."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hana nguvu za kukasirika. Kisha akaniambia lori limepita hapo dukani jioni hii, tupu, likateremka upande wa mto, likaegeshwa. Hawajaanza. Wanangoja kupambazuke.

Nikamwambia nitafika asubuhi na mapema. Nitasimama kwenye njia ya kuingia shambani na nakala ya ombi lenye muhuri wa korti. Si amri, na wao wanajua si amri. Nitakuwa mzee mwenye kitambi aliyesimama mbele ya lori akiomba lingoje mpaka Jumatatu. Lakini shamba ni lake na njia ni yake, na majirani wanaochota maji pale ni wengi. Akasema atawaita.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa naweka simu chini nikamsikia bado anaongea.

"Wakili. Utakuja mwenyewe, ama utatuma mwingine?"

"Nitakuja mwenyewe, mwaitu."

"Sawa," akasema, na hakukata. Akangoja niseme tena.